Benchi la nje kwa mbao za zamani: ipi ikae chini, ipi ikae juu

Swali la msomaji:

"Shikamoo fundi. Niko Tanga, nyumba yetu haiko mbali na bahari. Nataka benchi na meza ndogo vya kukaa nje chini ya mwarobaini, na sitaki kununua mbao mpya kwa sababu za zamani ninazo. Nina paleti tisa nilizopewa na jirani anayefanya kazi ghalani, mbao za kenchi kutoka nyumba ya marehemu babu iliyobomolewa (nyingine zinatoa unga), na mbao mbili nene pamoja na mataruma (mbavu za chombo) machache ya jahazi bovu. Nimeambiwa paleti zina sumu. Fundi wa hapa mtaani anasema nisihangaike, kila kitu kipakwe oili chafu na mchwa hawatagusa. Kazi yenyewe siku mbili tu. Je, nipake oili au vanishi? Na vitu hivi vitavuka masika zaidi ya moja?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Vitavuka masika nyingi tu, ila kwanza tukubaliane adui ni nani. Mvua inayonyesha ikapita haina shida na mbao. Yanayoozesha ni maji yanayokaa: ndani ya kiungo, chini ya mguu, kwenye tundu la skrubu, katikati ya mbao mbili zilizobanana. Kuvu wa kuozesha hawafanyi kazi kwenye mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 hivi, na mbao iliyolowa alfajiri ikapigwa na upepo mchana haiwapi nafasi ya kuanza. Ukipita kwenye majumba ya zamani ya Pangani, tazama boriti za dari. Katikati ni nzima, na palipooza mara nyingi ni ncha iliyoingia ndani ya ukuta uliokuwa ukivuja.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza upake nini, panga mbao zako kwa nafasi. Mbao ngumu ya kiini, yaani ile sehemu ya ndani ya mti iliyo nyeusi zaidi, ishuke chini, kwenye miguu na fremu, kunakogusana na ardhi na kunakobeba mzigo. Mbao laini ipande juu, kwenye kikalio na mgongo, inakokauka upesi na inakobadilishwa kwa urahisi ikichoka. Mafundi wengi hugeuza mpango huu. Mbao nzuri wanaiweka juu ionekane, miguu wanapiga msonobari wa paleti, na masika ya pili benchi linapiga magoti.

Sasa tuanze na hizo paleti. Zigeuze, utafute mhuri uliochomwa kwenye gogo la pembeni. Paleti iliyosafirisha mizigo kati ya nchi na nchi inatakiwa iwe na alama ya suke la ngano na herufi IPPC (Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Mimea), na pembeni herufi mbili za nchi (TZ, KE, CN, IN na kadhalika), namba ya mtengenezaji, kisha herufi za namna ilivyotibiwa. Huo ni utaratibu wa kimataifa uitwao ISPM 15, uliopitishwa mwaka 2002 ili wadudu wa miti wasisafiri bure ndani ya mbao za kufungashia. Ukiona HT, mbao ilipashwa moto mpaka katikati yake ikafika nyuzi joto 56 za selsiasi na kukaa hapo dakika 30 au zaidi. Hakuna dawa iliyotiwa. Hiyo tumia. Ukiona MB, ilifukizwa kwa gesi ya methili bromidi, ambayo ni sumu na pia huharibu tabaka la ozoni. Gesi hupotea baada ya muda, lakini kwa benchi la kukalia watoto mimi nisingehangaika nayo wakati za HT zipo. Isiyo na mhuri kabisa huenda ilitengenezwa hapa hapa kwa mizigo ya ndani, na mbao yake haikutibiwa kwa lolote.

Lakini mhuri unazungumzia wadudu tu. Hausemi paleti ilibebeshwa nini baada ya hapo. Muulize jirani: ghala la nini? Paleti iliyokaa chini ya magunia ya saruji ni vumbi tu, utasugua na kuosha. Iliyobeba dawa za mashamba, mbolea au mapipa ya kemikali, au yenye doa la mafuta lililozama na harufu usiyoifahamu, iache. Na zile zilizopakwa rangi ya bluu au nyekundu mzima mzima kwa kawaida ni mali ya kampuni zinazokodisha paleti, hata kama zimelala nje ya ghala mwaka mzima. Jirani yako azirudishe asije akaingia matatani kwa ajili ya benchi.

Jambo jingine ambalo watu hulichanganya: HT haikingi mchwa wa kwako. Ule moto uliua waliokuwamo siku ile. Mchwa wa Tanga wanaila kama mbao nyingine yoyote.

Mbao za kenchi za babu zinahitaji macho zaidi. Unga unaomwagika ni wa wadudu wanaobungua mbao, na swali ni wamefika wapi. Chukua bisibisi, choma kando ya ubao na katikati. Wadudu wa namna hii mara nyingi hupenda ile sehemu nyeupe ya nje ya mti, na kiini cheusi zaidi wanakiacha. Kama bisibisi inazama pembeni tu na katikati inagoma, pasua hiyo sehemu nyeupe uitupe, ubaki na kiini. Ukichoma katikati nako ikazama, ubao huo umekwisha. Usiuchanganye na mizima ghalani.

Nyumba ya zamani mkoani kwenu inaweza kutoa miti ya kila aina: mvule, mkangazi, mkulo wa Usambara, msaji wa Longuza, msonobari na msaipresi wa Shume. Huhitaji mtaalamu wa misitu. Kata ncha ya kila ubao upate uso mpya, kisha ubebe na uutazame. Mvule ni wa manjano ya kahawia na hukolea ukipigwa na mwanga. Msaji una mafuta kidogo ukiugusa. Msonobari ni mwepesi, mweupe, una macho mengi na harufu ya utomvu. Msaji nao una mtego wake: ule wa mti mchanga una nyeupe nyingi pembeni, na hiyo nyeupe haina uimara wowote wa msaji ingawa inauzwa kwa jina hilo hilo.

Ukikuta ubao wa kenchi una rangi ya kijani kijani hata ndani ya mkato, hiyo ni mbao ya dawa. Dawa iliyotumika sana kwa mbao na nguzo ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Inakinga mchwa kweli kweli, lakini usiiweke kwenye kikalio wala uso wa meza. Ukiitumia, iwe ni kwenye fremu ya chini isikoguswa na mikono. Ikatwe nje ukiwa umeziba pua na mdomo, na vumbi lake lisombwe. La muhimu kuliko yote: vipande vyake visiende jikoni. Nyumba nyingi makombo ya seremala huishia kwenye mafiga, na moshi na majivu ya mbao hiyo vina aseniki. Waambie wote wa nyumbani, mpaka dada wa kazi. Tahadhari hiyo iguse pia milango na madirisha ya zamani yenye rangi: rangi za zamani nyingi zilikuwa na risasi, kwa hiyo usizipige msasa mkavu. Lowesha, kwangua, kusanya.

Na kama mbao za babu bado ziko kijijini, pita ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) uulize habari ya kibali cha kusafirisha kabla ya kupakia kirikuu. Kwenye kizuizi hakuna atakayejua kwa kutazama tu kwamba ni za paa la marehemu.

Mbao za jahazi ndizo hazina yako. Waunda vyombo hawakuwa wakitumia mti wowote tu, na ubao uliovumilia maji ya chumvi miaka kadhaa umeshafanyiwa mtihani. Hata hivyo usiupeleke moja kwa moja kwenye kazi. Kwanza chumvi: mbao iliyoshiba chumvi huvuta unyevu wa hewa, haikauki sawasawa, rangi haishiki, na misumari inaliwa haraka. Iloweshe kwa maji yasiyo ya chumvi, isugue kwa brashi ngumu, iache ichuruzike, rudia mara kadhaa kwa siku tofauti. Pili, kwangua kila kilichopakwa: shahamu (mafuta mazito ya mnyama), masalia ya kalafati (pamba ya kuzibia nafasi) kwenye maungio, na sifa, yale mafuta ya samaki ambayo kwa harufu tu utayajua. Ubao wa sehemu ya chini ya chombo ukiwa na rangi ya dukani, uchukulie kuwa ni rangi yenye sumu ya kuzuia viumbe wa baharini, uikwangue ukiwa umejifunika pua. Tatu, tazama mashimo. Wadudu wa baharini hutoboa vichuguu vya mviringo vyenye utando mweupe kama chokaa ndani, na ubao unaweza kuonekana mzima kwa nje huku ndani ni tundu tupu. Ugonge kwa nyundo kutoka ncha hadi ncha, usikilize sauti inapobadilika.

Baada ya hapo panga mbao kivulini, juu ya vipande vya kuzinyanyua kutoka ardhini, na vijiti vya unene mmoja kati ya ubao na ubao ili upepo upite. Wakati mzuri kwenu ni kaskazi, Januari na Februari. Ukianika juani, upande wa juu utakauka kabla ya wa chini na ubao utapinda. Wenye haraka ndio hupoteza mbao hapa.

Kazi ya misumari haina jina lakini ndiyo inayokula muda. Msumari wa paleti umesokotwa au una pete pete kwenye shina, umetengenezwa usitoke. Ukiingiza mtaimbo na kunyanyua, ubao wa sentimita mbili utapasuka. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupitisha msumeno wa chuma kati ya ubao na gogo, ukakata msumari wenyewe. Kichwa kinabaki ndani ya ubao, unakisukuma kwa nyuma kwa msumari mwingine butu. Ya pili mimi naipenda zaidi: kata ubao pembeni kabisa ya gogo, pande zote mbili, usahau misumari. Unapata vipande vifupi, kati ya sentimita 38 na 50 kulingana na paleti, na kwa benchi urefu huo unatosha kabisa, kama utakavyoona.

Kwenye mbao za kenchi na jahazi, msumari upige kwa upande wa ncha urudi nyuma kidogo, kisha uung'oe kwa koleo au kucha la nyundo ukiwa umeweka kibao chini ili usibonyeze ubao. Uliokatikia ndani, chimba pembeni yake kwa patasi ya zamani. Ukimaliza pitisha sumaku, hata ile ya spika mbovu, juu ya kila uso. Mwenye mashine ya randa akikuta msumari mmoja umemharibia visu, hatapokea tena mbao zako, na ana haki. Mvule pia huwa na vidonge vigumu vya chokaa ndani ya mti, ambavyo sumaku haivioni. Mwambie fundi mapema kwamba huu ni mvule. Vumbi lake huwasha pua na ngozi, zibeni pua.

Sasa benchi lenyewe. Nichukue la watu watatu wasiogombana, urefu wa sentimita 150. Kimo cha kikalio sentimita 43, kina sentimita 40. Miguu ya mbele inatoka kwenye mbao za jahazi, unene usipungue sentimita 5. Miguu ya nyuma inapanda kuwa nguzo za mgongo, na hapo ndipo mataruma yako yanapofaa. Yamepinda kwa asili kufuata ubavu wa chombo, na kipande kilichopinda kwa kufuata nyuzi za mti kina nguvu kuliko kilichochongwa kikapinda kwa msumeno. Tafuta mawili yanayofanana, yasimamishe kwa jozi ukutani, zungusha mpaka upate mkao ambao juu ya kikalio yanalala nyuma sentimita 8 mpaka 12 kwa kila sentimita 45 za kimo. Mgongo uliosimama wima huchosha mgeni kabla hajamaliza kikombe. Yasipopatikana mawili yanayofanana, usilazimishe; chonga nguzo kwenye ubao mpana wa kawaida.

Fremu ni mbao mbili ndefu, ya mbele na ya nyuma, na tatu fupi za kuunganisha, moja ikiwa katikati. Ya nyuma ishuke sentimita moja na nusu kuliko ya mbele. Mteremko huo matako yatauona ni raha, na maji yatauona ni njia. Juu yake vilaze vile vipande vya paleti kutoka mbele kwenda nyuma, badala ya kupiga mbao ndefu za urefu wa benchi. Vipande 14 vya upana wa sentimita 10, vikiachiana nafasi ya milimita 6, vinajaza sentimita 148. Kila kipande kinashikwa mbele na nyuma, hakinepi, maji yanafuata mteremko na kudondoka, na siku kimoja kikioza unafungua skrubu nne tu. Kipimo cha nafasi usikisie kwa macho. Weka msumari wa inchi sita kama kipimio kati ya vipande viwili kabla hujafunga. Nafasi ikiwa finyu, majani ya mwarobaini yataziba, yatashika maji, na utapata mboji juu ya kikalio. Ikiwa pana, mtoto atabanwa kidole.

Pale miguu inapokutana na fremu tumia bolti za milimita 10 zenye washa pande zote mbili. Usifukie vichwa vya bolti kwenye mashimo ya kuangalia juu. Shimo hilo ni kisima. Kama fundi wako anajivunia kazi ya ulimi na tundu, mwache aifanye, ni kazi ya heshima, ila kila tundu linaloelekea juu atoboe chini yake kitobo cha milimita 6 maji yatokee. Gundi nyeupe ya kawaida usiitegemee nje, inalainika ikilowa. Kiungo kishikwe na bolti au umbo lake, gundi iwe nyongeza.

Kuhusu skrubu nitasema kwa ukali kidogo. Zile nyeusi za kufungia jipsamu, ambazo kila fundi anazo mfukoni kwa sababu ni rahisi, kwenye hewa ya bahari zinaota kutu ndani ya msimu na kukatika kichwa. Zenye rangi ya dhahabu inayong'aa zina zinki nyembamba tu, zinachelewa kidogo basi. Nunua stenlesi, na kwa walio karibu na bahari iwe daraja la 316, ambalo kwenye vichwa vya bolti huandikwa A4. Daraja la 304, yaani A2, linafaa bara, ila pwani huanza kupata madoa ya kahawia. Bei yake itakuuma. Ikishindikana, tafuta bolti zilizochovywa kwenye zinki ya moto, zile za kijivu zisizong'aa. Tena mvule na msaji vikigusana na chuma kitupu pakiwa na unyevu, vinatoa doa jeusi kama wino ambalo msasa hauliondoi. Toboa tundu kwanza kwa drili kabla ya kila skrubu, mbao kavu ya zamani haisamehe, na uipake skrubu nta ya mshumaa iingie laini. Watu hupaka sabuni. Sabuni huvuta unyevu.

Miguu. Hapa ndipo mchwa na maji wanapokutana, kwa hiyo hata ukipuuza mengine hili usilipuuze. Ncha iliyokatwa ya mti hunywa maji mara nyingi zaidi kuliko ubavu wake, na mguu unasimama juu ya ncha hiyo hiyo. Kabla ya kufunga benchi, mimina kwenye kopo mafuta ya kitani yaliyochemshwa (yale ya dukani, boiled linseed oil), simamisha kila mguu ndani yake usiku kucha, unywe hadi ushibe. Kisha usiusimamishe kwenye udongo. Weka vitofali vinne vya zege au mawe bapa yaliyonyanyuka sentimita 5 juu ya ardhi, na kati ya mguu na jiwe weka washa nene au kipande cha raba ngumu kisichozidi upana wa mguu ili hewa ipite. Mchwa wa ardhini hujenga njia ya udongo kufuata chakula. Jiwe haliwazuii, ila linawalazimisha kupita mahali unapoona. Kila Jumamosi ukifagia, pitisha ufagio miguuni, ile njia ibomoke. Kivuli cha mwarobaini hakifukuzi mchwa, najua wanavyosema.

Na sasa oili chafu. Fundi wako hakuitunga. Imepakwa kwenye nguzo za uzio na mazizi tangu magari yaingie nchini, na kwa muda fulani mchwa huikwepa kweli. Lakini ni mafuta yaliyokusanya vyuma vya injini, madini ya risasi yakiwamo kwa kiasi, pamoja na masalia ya kuungua ambayo hayafai ngozi. Haikauki. Kila atakayekaa atanyanyuka na doa kwenye kanga, na mvua ikinyesha itachuruzika chini ya mwarobaini ambako kuku wanapekua. Kwa nguzo ya uzio sitagombana na mtu. Kwa kiti, hapana. Dizeli nayo, hapana. Kama unataka dawa ya wadudu kwa vile vipande vya msonobari, chumvi za boroni, yaani boraksi na asidi ya boriki zilizoyeyushwa kwenye maji ya moto, zinafanya kazi nzuri na hazina harufu. Udhaifu wake ni kwamba mvua huziyeyusha zikatoka, hivyo ubao ukauke kisha ufunikwe kwa rangi.

Vanishi ya kioo unayoiona kwenye makochi ya barabarani inapendeza mpaka kaskazi ya kwanza. Jua hupita ndani yake likachoma uso wa mbao chini, vanishi inaachia kama magamba, maji yanaingia chini ya magamba na hayatoki. Kisha kazi yote ya kukwangua ni yako. Kwa hiyo gawa. Vipande vya msonobari, ambavyo jua na mvua huvimaliza upesi, vipakwe rangi ya mafuta ya nje, mkono wa kwanza mwepesi ulioongezwa tina, halafu miwili mizito, na ncha zote zipakwe mara mbili. Rangi huzuia jua kwa sababu haioneshi upande wa pili. Mvule na mataruma vipe mafuta ya kitani yaliyochemshwa, mikono miwili mitatu myembamba, ukifuta yanayobaki juu. Rudia kila mwaka masika ikishapita na mbao ikikauka, tuseme Juni au Julai. Ama usipake kitu kabisa. Mvule na msaji vikiachwa hugeuka rangi ya fedha kavu, na mimi binafsi naipenda rangi hiyo kuliko vanishi yoyote. Ila matambara uliyofutia mafuta ya kitani usiyakunje ukayatupa kwenye pipa. Yanapata moto yenyewe yakikauka, na yamewahi kuteketeza karakana nyingi. Yatandaze kwenye kamba au yaloweke kwenye ndoo ya maji.

Meza sina mengi. Kimo cha sentimita 45 kinatosha kwa benchi hili na chai, kama ni ya kula wali fanya 73. Uso wake usiwe wa mbao zilizogundishwa bila nafasi, labda uwe chini ya paa. Chakula kitagusa hapo, kwa hiyo paleti zisizo na historia inayojulikana na mbao za dawa zisipande mezani hata kidogo. Kama kwenye nyumba ya babu ulitoka mlango wa nakshi, usiukate kuwa uso wa meza. Huo una thamani nyingine, uuhifadhi au uuze kwa anayeutafuta akiwa na karatasi zake.

Mwisho, huyo fundi. Mpe kazi, usimkimbie. Siku mbili zinatosha kuunganisha, maandalizi ndiyo hayamo ndani ya siku hizo, na hayo unaweza kuyafanya wewe na vijana wa nyumbani: kuosha, kuanika, kung'oa misumari. Mkabidhi mbao safi na bolti zako mwenyewe ili asitoe zake za mfukoni. Pataneni kwamba salio litalipwa baada ya kipimo kimoja. Benchi likisimama mahali pake, kabla ya rangi, mwaga ndoo nzima ya maji juu yake kutoka mgongoni hadi miguuni, mkae mnywe kahawa robo saa, kisha uiname uchungulie chini na kwenye viungo. Kila palipobaki kidimbwi, apatoboe au apachonge mteremko. Mwage tena. Yakiisha yote, kalianikeni likauke siku mbili tatu, ndipo mfungue kopo la rangi na umpe chake.